Pikipiki imelala chini mbele za watu: dalili, chanzo na pa kuanzia

Hapa sizungumzii ajali ya barabara kuu. Nazungumzia mweleka wa kizembe: pikipiki imesimama au inatambaa, ghafla inainama, unaishikilia kwa mguu mmoja, mguu unateleza, na chombo chote kinalala ubavu huku wewe umebaki umeshika usukani kama mtu aliyekamata ngamia kwa mkia. Dar es Salaam kila aliyewahi kuendesha ana mweleka wake. Wanaokataa wameuficha tu.

Wangu ulikuwa pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, upande wa Magogoni, saa moja kasoro asubuhi. Lile bamba la chuma linaloshushwa ili magari yatoke lilikuwa limelowa maji ya bahari. Guta lililokuwa mbele yangu likasimama ghafla wakati nimekata usukani kushoto, nami nikabana breki ya mbele. Pikipiki ikalala kushoto taratibu kabisa. Nyuma yangu watu mia kadhaa wanawahi kazini. Mama mmoja mwenye ndoo tupu, anakwenda Feri kuchukua samaki, akaniambia: "Pole baba, inua basi tupite, samaki wanaisha."

Nikainua kwa pupa. Injini sikuzima, gia ya kwanza imo, tairi la nyuma lilikuwa linazunguka hewani, na mkono wangu wa kulia umeshika palepale kwenye resi. Tairi lilipogusa chuma, pikipiki ikaruka, ikanivuta hatua mbili, ikaanguka upande wa pili. Nilipokuja kupiga hesabu ya hasara, anguko la kwanza lilikuwa limekwaruza indiketa basi. La pili, lile la haraka, ndilo lililovunja mkono wa breki, likapindisha shokapu na pedeli, na kunichoma mguu kwa ekzosi. Ndiyo maana dalili ya kwanza ninayoiweka hapa haiko kwenye pikipiki.

DALILI: masikio yanawaka moto na unataka kuondoka sasa hivi

Chanzo ni macho ya watu. Dawa yake ni ya mkono: zima swichi, chomoa funguo, tia mfukoni. Funguo ikiwa mfukoni huwezi kuwasha na kukimbia hata ukitaka, na sekunde zile za kuitafuta tena zinatosha akili irudi.

Ukiambiwa "pole", jibu "nimeshapoa" na uendelee na kazi yako. Watu wa Dar wana huruma ya haraka na usahaulifu wa haraka pia. Dakika mbili baadaye wanagombania daladala na habari yako imekwisha. Atakayekucheka kwa muda mrefu ni wa kijiweni kwako, na huyo haepukiki. Mimi niliitwa Pantoni karibu mwezi mzima.

Kuinua. Mara nyingi utapata vijana wawili wa kukusaidia kabla hujaomba, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kila mmoja atashika alichokiona kwanza: kioo, indiketa, resi. Waambie washike keria na chuma cha bodi. Ukiwa peke yako, usiinue kwa mgongo kama unavyonyanyua ndoo. Pikipiki ya kawaida ya mjini inazidi kilo 100, na tangi likiwa na lita 10 za petroli umeongeza kilo 7 na ushee. Kata usukani hadi mwisho ili mshikio ulio chini usogee karibu na tangi. Geuka uipe mgongo, makalio yaegemee siti, mkono mmoja kwenye mshikio huo, mwingine kwenye keria, chuchumaa, kisha sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume hatua fupifupi. Iwe kwenye gia na injini imezimwa, isije ikabingirika. Kama imelalia kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni, maana ukiinua kwa nguvu nyingi itakupita na kwenda kuangukia kushoto. Hilo nalo nimeliona, si mimi safari hii.

DALILI: harufu kali ya petroli

Pikipiki ya kabureta ikilala, mafuta yaliyomo kwenye bakuli la kabureta hupoteza usawa wake na kumwagika kupitia mpira wa kutolea mafuta yaliyozidi. Mengine huvuja kwenye kifuniko cha tangi. Huo si ubovu. Funga koki ya mafuta, isogeze pembeni, subiri ukavu. Chini kuna ekzosi ya moto na huenda pembeni yako kuna mtu na sigara, kwa hiyo usipige kiki wala stata mpaka harufu ipungue. Ikiwa imesimama wima, koki imefunguliwa na bado inadondosha, basi kielea ndani ya kabureta kimekwama. Kigongee bakuli kwa mpini wa bisibisi, polepole, mara mbili tatu. Kikigoma, ni kazi ya fundi.

DALILI: haiwaki

Hapa ndipo watu wanapomaliza nguvu zote za mguu bure. Fuata mpangilio huu.

Tazama swichi nyekundu ya kuzimia injini, ile iliyo karibu na resi. Wakati wa kuanguka au kuinua, kiganja au goti huisukuma bila wewe kujua. Nimewahi kumkuta kijana Mbagala Rangi Tatu amelowa jasho, kafungua plagi, kaipuliza, kaifuta kwa shati, na swichi imezimwa muda wote huo. Nilimwashia nikaondoka bila kusema kitu, kwa sababu na mimi nilishafundishwa hivyohivyo.

Swichi ikiwa sawa, tazama taa ya kijani ya frii, yaani hakuna gia iliyoingia. Pedeli ya gia ikigonga chini huingiza gia, na pikipiki nyingine haziitiki stata zikiwa kwenye gia mpaka ubane klachi. Zipo pia zinazokataa kama stendi ya pembeni iko chini.

Kama ni ya injeksheni, mara nyingi ina kihisi kinachokata mafuta na moto pale inapolala. Hakijaharibika, kimefanya kazi yake. Zima funguo, hesabu mpaka kumi, washa tena, sikiliza pampu ya mafuta ikivuma sekunde moja mbili, ndipo ubonyeze stata.

Ya kabureta ikiwa na moto na mafuta lakini inakohoa tu, imekunywa kupita kiasi na plagi imelowa. Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kuvuta choki. Choki inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari imezama kwa mafuta. Rudisha choki, funga koki, fungua resi hadi mwisho uishikilie hapo, kisha piga kiki mara nane au kumi bila hasira. Itashtuka, itapiga mlio mbaya, rudisha resi na ufungue koki. Ikigoma kabisa, fungua plagi. Ikitoka imelowa na inanuka petroli, ikaushe, acha tundu wazi dakika tano, rudisha.

Jambo moja la kuogopa: kiki imekuwa ngumu kama ukuta, haishuki. Usiirukie. Inawezekana kuna petroli au oili imejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Ukilazimisha unaweza kukunja fimbo ya pistoni. Fungua plagi, funguo iwe imezimwa, sogeza uso pembeni, shusha kiki polepole kwa mkono mpaka kilichomo kitoke.

DALILI: imewaka, lakini inafuka moshi kama jiko la mkaa

Ikilala muda, oili huvuka kwenye mpira wa kupumulia na kuingia kwenye chujio la hewa, nyingine hupenya juu ya pistoni. Ikiwaka itaiunguza, moshi mweupe wenye ubluu. Iache iungurume bila kuipigia resi. Dakika chache moshi unapaswa kukonda. Ukiendelea baada ya dakika kumi, fungua chujio la hewa. Likiwa limelowa oili, lioshe kama ni la sponji au badilisha kama ni la karatasi.

Kama injini iliendelea kunguruma wakati pikipiki imelala, dawa ni kuwa mwepesi wa kuzima siku nyingine. Ubavuni, pampu ya oili inaweza kuvuta hewa badala ya oili, na vyuma vinasagana vikavu.

DALILI: resi hairudi yenyewe

Hii ipime kabla hujawasha, kila mara, hata kama haina mkwaruzo wowote. Injini imezimwa, zungusha resi hadi mwisho kisha uiachie. Irudi kwa kishindo, ukisikia ule mlio wa "tak". Fanya hivyo usukani ukiwa katikati, kisha umekatwa kushoto, kisha kulia.

Ikirudi kwa uvivu, mara nyingi ncha ya usukani imegonga chini na kuusukuma mpira wa mshikio ndani, sasa unasuguana na boksi la swichi. Uvute nje milimita mbili tatu. Ukisikia mchanga ndani, legeza skrubu za boksi, futa kwa kitambaa, usiweke grisi nzito kwa sababu inakusanya mchanga zaidi, na mchanga wa Kigamboni hauhitaji kuitwa mara mbili. Resi ikikaza pale tu unapokata usukani upande mmoja, waya wake umebanwa au umekunjika njiani. Ufuatilie kwa kidole toka juu mpaka kwenye kabureta.

Pikipiki yenye resi isiyorudi haiendeshwi hata kwenda kwa fundi. Isukume.

DALILI: unakwenda moja kwa moja, usukani unatazama pembeni

Ndiyo hofu kubwa ya watu wengi, na ndiyo hasara inayotibika kwa bei ndogo kuliko zote. Ukiangalia toka kwenye siti, tairi liko sawa na barabara lakini usukani umegeuka kidogo, tuseme nyuzi kumi kuelekea kushoto. Usiseme "chesesi imepinda" na usimruhusu mtu akuambie hivyo kabla ya kupima. Mara nyingi shokapu mbili za mbele zimejipinda tu ndani ya vishikio vyake, kama miguu ya kitanda iliyoyumba.

Vijana wa kijiweni wana njia yao: anasimama mbele, analibana tairi kwa magoti, anashika usukani kwa mikono miwili na kuuzungusha kwa nguvu kinyume na ulikopindia. Kwa pindo dogo inafanya kazi, nami nimefika nayo nyumbani. Ila shida ni kwamba bolti zikiwa zimekaza, shokapu zinarudi nusu, na kesho kwenye tuta la kwanza zinajirudia. Njia kamili ni hii: weka stendi kubwa, legeza nati ya ekseli ya mbele, legeza bolti za kishikio cha chini zinazobana shokapu, na za juu kidogo. Usizitoe, zilegee tu. Kama madigadi imefungwa kwenye shokapu zote mbili, legeza na bolti zake, maana nayo inazishikilia zikiwa zimepinda. Sasa bana tairi kwa magoti, zungusha usukani mpaka ukae sawa. Kisha ishushe kwenye stendi, panda, bana breki ya mbele na usukumesukume usukani kwenda chini mara kadhaa, shokapu zijipange zenyewe. Kaza kuanzia ekseli, kisha bolti za chini, za juu, madigadi mwisho.

Ukishakaza, tazama kutoka ubavuni, hatua nne hivi. Bomba mbili za shokapu zinapaswa kufunikana macho yako yanapopita kutoka moja hadi nyingine. Kama moja inaonekana imetoka nje, au kuna oili inachuruzika kwenye bomba la kung'aa, hapo pana pindo la kweli au sili imekatika. Kama shokapu ziko sawa na bado mshikio mmoja uko juu kuliko mwingine, basi kilichopinda ni usukani wenyewe, lile bomba. Nunua mpya Kariakoo. Kuunyoosha kwa kuupiga nyundo ni kujitafutia siku utakatika mkononi.

DALILI: mkono wa klachi au breki umekatika, pedeli imekunjika

Mkono wa alumini uliokunjika bado unafanya kazi, hivyo uache hivyohivyo mpaka upate mwingine. Ukijaribu kuunyoosha ukiwa baridi, nafasi kubwa utakatika, tena palepale ulipo. Ukiwa umekatika ukabaki kipande cha vidole viwili, unafika nyumbani. Ukikatikia kwenye shina upande wa klachi, kuna ujanja wa kuingiza gia bila klachi, lakini kwenye foleni ya Buguruni sikushauri.

Pedeli ya gia ya chuma inanyooka kwa bomba refu, mradi uitoe kwanza kwenye injini. Ukiinyoosha ikiwa mahali pake, unapindisha kijiti cha gia kinachoingia ndani, na hapo umegeuza kazi ya nusu saa kuwa ya kupasua injini.

Pedeli ya breki ya nyuma ndiyo janja. Ikikunjika kidogo kwenda ndani inakwama, breki inabaki imeshika bila wewe kuhisi. Weka stendi kubwa, gia ikiwa frii, zungusha tairi la nyuma kwa mkono: lizunguke lenyewe. Na ukiona taa nyekundu ya breki inawaka muda wote, umepata jibu kabla ya kuzungusha.

Breki ya mbele ya diski ikiwa laini kama sponji baada ya kulala, hewa imeingia. Pampu mara kumi kumi ikiwa wima. Isipokaza, itolewe hewa kabla ya safari. Ya ngoma haina mambo hayo, tazama waya tu.

DALILI: oili chini

Injini nyingi za cc 100 hadi 150 zinabeba oili ya karibu lita 1 tu, kwa hiyo kikombe cha chai kilichomwagika ni sehemu kubwa. Pitisha kidole chini ya vifuniko vya pembeni vya injini. Ufa mwembamba hujazwa gundi ya chuma ya kuchanganya, baada ya kusafisha mpaka kidole kitoke kikavu, na kuachwa usiku kucha. Ni dawa ya muda inayodumu miezi, lakini usiiamini kabisa. Angalia pia kama oili imegusa tairi la nyuma. Osha kwa sabuni kabla hujapiga kona.

Vioo, indiketa, mikwaruzo ya tangi: nunua, funga, sahau. Tangi lililobonyea lisipovuja halina shida yoyote isipokuwa machoni.

DALILI: wewe mwenyewe

Mwili ukiwa na mshtuko hausemi kweli. Mimi niliona alama ya ekzosi nikiwa tayari ofisini Posta. Moto wa ekzosi unatibiwa kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 kamili, mapema iwezekanavyo. Si dawa ya meno, si mafuta ya kula, si majivu. Malengelenge usiyatoboe. Kama ulijikinga kwa kiganja na sasa kuna maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, nenda hospitali hata kama mkono unageuka vizuri. Kuna mfupa mdogo pale ambao ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya siku ya kwanza, na ukiupuuza unakusumbua miaka.

DALILI: pikipiki si yako

Kwa mwenye mkataba au anayepeleka hesabu, maumivu makubwa yako hapa. Mpigie mwenye chombo siku hiyohiyo, kabla ya jioni, ukiwa umeshapiga picha. "Bosi, shikamoo. Pikipiki imelala asubuhi, mkono wa breki umekatika, nimeshaenda kwa fundi." Akisikia toka kwa mwingine, mkono wa breki unageuka kuwa ajali uliyoificha. Usitegemee bima ndogo: inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine, si chombo ulichokiangusha mwenyewe. Na fundi akitengeneza, dai kipande kilichovunjika umpelekee bosi. Kipande cha chuma mkononi kinamaliza maneno mengi.

KWA NINI ILIANGUKA

Breki ya mbele na usukani uliokatwa havipatani, hasa kwenye mwendo mdogo: tairi linasimama pembeni, uzito unaenda mbele na upande kwa pamoja, mguu wako hauwezi kuushika. Mwendo wa kutambaa tumia breki ya nyuma na klachi. Sababu ya pili kwa wingi ni stendi ya pembeni kuzama kwenye mchanga. Weka kipande cha mbao au jiwe bapa chini yake. Mteremkoni elekeza pua juu na uiache kwenye gia ya kwanza. Ikitazama chini ikiwa frii inasogea, na stendi inajikunja yenyewe. Abiria anayekaa upande apande ukiwa umekanyaga kwa miguu yote miwili, naye akuambie kabla hajaweka mguu. Gunia likae katikati ya keria.

Ukifunga mkono mpya wa breki au klachi, usikaze sana ile bolti inayoushika kwenye usukani. Ushike vya kutosha usicheze ukiendesha, lakini ukipigwa kwa nguvu uzunguke. Utazunguka badala ya kukatika.

Usiku wa siku hiyo tandika boksi la karatasi chini ya injini. Asubuhi livute. Doa jeusi ni oili, rudi kwenye vifuniko. Petroli haiachi doa la maana, ila boksi litanuka; rudi kwenye koki. Likiwa kavu, wahi pantoni ya saa kumi na mbili, foleni bado fupi.